Ukungu wa Picha Hautoki Tukuyu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Wiki mbili zilizopita msomaji mmoja, aliyesema ni mkazi wa Njombe, aliandika hapa akilalamika kuwa picha zinazotoka mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini zina ukungu na nyuso za watu hazitambuliki. Akamalizia kwa kejeli kwamba wapiga picha wa huku tunapigia ndani ya mawingu. Nilicheka, maana mawingu hayo nayajua. Nimepiga picha Tukuyu asubuhi za Juni, mtu yuko hatua kumi mbele yako humwoni, unasikia kikohozi chake tu. Lakini picha aliyoitolea mfano, ile ya akina mama wanaochuma chai, niliipiga mimi. Niliipiga saa nne asubuhi, jua limetoka, Mlima Rungwe uko wazi mpaka kileleni. Ukungu uliingia baadaye, nami nimeufuatilia mpaka nikajua ulipoingilia.

Barua ni ndefu, samahani. Ukiona nafasi haitoshi, ikate. Barua inakatika salama kuliko picha.

Mimi ni fundi picha hapa Mwanjelwa, jijini Mbeya. Nilianza kazi mwaka 1987 Iringa, pale Miyomboni, nikiwa kijana wa kuchota maji ya kusuuzia picha. Mzee aliyenifundisha, Mungu amrehemu, alikuwa na mashine moja ya kukuzia, chumba cha giza kilichowahi kuwa stoo ya nguo, na onyo moja alilonirudia kila wiki: usiidai negativu, yaani ile filamu iliyosafishwa, kitu ambacho haina. Mteja akija na negativu ya kamera ndogo, anataka picha ya kujaza ukuta wa sebule, mzee alimpa lenzi ya mkononi aangalie mwenyewe. Unaona mashavu yako yalivyo chengachenga? Nikikuza zaidi ya hapa utaonekana umemwagiwa pilipili manga. Wengi walielewa na kuchagua saizi ya wastani. Siku hizi chenga zimefichwa ndani ya simu, mteja hazioni, na mimi nabaki naonekana mvivu ninapomwambia haiwezekani.

Sasa safari ya ile picha ya chai. Ilipotoka kwenye kamera yangu ilikuwa na pikseli, yaani punje za rangi zinazojenga picha, 6000 kwa upana na 4000 kwa kimo. Kijana anayewaandikia habari za huku, kijana mwenye heshima zake, akanipigia: "Shikamoo mzee. Nirushie ile picha WhatsApp, ukurasa unafungwa." Nikamrushia hivyohivyo, kama mtu anayetuma salamu. Hapo kosa ni langu, nalikubali. Baadaye niliomba simu yake nikapima: iliyomfikia ilikuwa na pikseli 1600 kwa 1067. Kati ya punje milioni 24 zilibaki milioni 1.7. Yeye naye hakupenda jina langu lilivyokaa kwenye kona, akapiga skrinishoti ili alikate, na kwa kuwa simu aliishika wima, picha ikashuka hadi upana wa kioo, pikseli 1080. Akairusha tena kwa watu wa dawati la habari. Dawati wakaona kati ya akina mama tisa ni watatu tu wanaocheka, wakawakata hao watatu wakatupa wengine. Zikabaki pikseli kama 400. Mwisho msanifu kurasa, ambaye hana habari na yote haya, akaikuta kwenye folda huku nafasi ya safu nne ikimsubiri, sentimita 16. Akaishika kona, akaivuta mpaka ikajaa.

Pikseli 400 zikitandazwa kwenye sentimita 16 ni pikseli 63 kwa kila inchi. Shikilia hiyo namba, nitairudia.

Pikseli ni punje. Ukimwaga kilo moja ya mchele wa Kyela kwenye sinia, sinia inafunikwa. Mwaga kilo ileile kwenye jamvi la kukalia wageni, utaliona jamvi. Kompyuta ikiambiwa itandaze haina mchele mwingine wa kuongeza, inapaka rangi ya mchele kwenye nafasi zilizo wazi kwa kukisia kutoka kwa punje za jirani. Kuna namna kadhaa za kukisia. Ya kizembe kabisa inairudia punje ya jirani vilevile, ndipo shavu la mtu linakuwa na ngazi kama matuta ya viazi kule Uporoto. Nyingine inatazama punje nne zilizo karibu. Ile iitwayo baikubiki inatazama 16, inakupa mteremko laini, na ndiyo watu wengi wanaitumia bila kujua jina lake. Zote ni makisio. Uso unakuwa laini, lakini kope ambazo hazikuwemo haziwezi kuota.

Watu wa ofisini wameishika namba moja tu, pikseli 300 kwa inchi, kama aya ya kukariri. Inatoka wapi? Jicho zima la binadamu, kitu kikiwa sentimita 30 mbele yake, umbali wa kusomea gazeti, linaweza kutenganisha nukta mbili zilizoachana kiasi cha sehemu tisa za mia moja za milimita. Ukigawa inchi kwa kiasi hicho unapata karibu 290. Kwa hiyo picha ya kushikwa mkononi ikiwa na pikseli 300 kwa inchi, jicho halioni punje tena. Kadi ya sentimita 10 kwa 15 inataka pikseli 1200 kwa 1800. A4 inataka 2480 kwa 3508. Picha ya pasipoti, milimita 35 kwa 45, inataka 413 kwa 531 tu, ndiyo maana hata simu ya zamani inaitosheleza.

Lakini mtazamaji akisogea nyuma, hesabu inalegea. Kamera yangu ya kwanza ya kidijitali niliinunua mwaka 2006, megapikseli 3, watu wakanishangaa kama nimenunua gari. Mwaka huohuo soko la Mwanjelwa likaungua. Nilipiga moto ule nikiwa nimesimama juu ya meza ya muuza mitumba, picha ya pikseli 2048 kwa 1536, na mpaka leo wapo wanaokuja kuiomba. Mzee mmoja aliyepoteza kibanda chake siku ile alitaka aitundike dukani kwa upana wa mita moja. Nikamuuliza itakaa wapi. Akasema juu ya kaunta, karibu na dari. Hapo mteja anaitazama kutoka mita tatu, na kwa mita tatu jicho linaridhika na pikseli 30 kwa inchi. Mimi nilikuwa na 52. Ikatoka nzuri kabisa. Angeniambia anaiweka mezani chini ya kioo, ningemkatalia. Ni hesabu hiyohiyo kwa mabango ya Nanenane pale viwanja vya John Mwakangale: turubai la mita tatu unalotazama ukiwa upande wa pili wa barabara halihitaji 300, na mchapaji anayekudai 300 kwa turubai hilo anajitesa yeye na kompyuta yake.

Nikiwa hapo hapo, kuna jambo la kuchekesha kidogo. Ofisi moja ya hapa mjini, siitaji, ilinirudishia picha za wafanyakazi wake kwa maelezo kwamba "zina 72, tunataka 300". Picha zilikuwa na pikseli 2400 kwa 3000 kila moja, zingeweza kuchapwa ukubwa wa kitabu. Nilichofanya, Mungu anisamehe, ni kufungua faili, nikafuta 72, nikaandika 300, sikugusa pikseli hata moja, nikawarudishia zilezile. Wakanijibu kwa furaha kwamba sasa zimekuwa kali. Namba ile ni kibandiko tu, inamwambia mchapaji azipange punje kwa msongamano gani. Kwenye kioo cha simu au tovuti haina kazi yoyote, kule kinachohesabiwa ni pikseli zenyewe. Na hiyo 72 ni urithi wa kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984, ambayo kioo chake kilikuwa na pikseli 72 kwa inchi ili ukubwa unaouona kwenye kioo ulingane na utakaotoka kwenye karatasi. Vioo vimebadilika mara nyingi tangu hapo, namba imebaki kwenye fomu za watu.

Turudi kwenye gazeti. Gazeti halichapi pikseli. Linachapa nukta za wino zilizopangwa kwa mistari, na kwa karatasi hii inayonyonya mistari huwa 85 hadi 100 hivi kwa inchi. Majarida ya karatasi inayong'aa hufika 133 au 150. Kanuni ya wachapaji ni kuwa na pikseli mara moja na nusu hadi mara mbili ya mistari, kwa hiyo gazeti linatosheka na pikseli 200 kwa inchi, wala hazizidishi faida ukiweka zaidi. Sasa piga hesabu ya zile sentimita 16: pikseli 1260. Umeona, Mhariri? Ile picha ya WhatsApp, pamoja na unyonge wake wote, ilikuwa na 1600. Ingetosha na kubaki. Hata kwa njia mbovu niliyoipitisha ingefika salama kama isingepigwa skrinishoti na kukatwa. Mlichapa 63 mahali panapotaka 200.

Kuna kidonda cha pili kisichoonekana kwenye hesabu ya pikseli. Picha za simu huhifadhiwa kwa mtindo wa JPEG, kanuni iliyopitishwa mwaka 1992. Mtindo huu unaigawa picha katika viboksi vya pikseli 8 kwa 8, na kila kiboksi kinabanwa kwa kutupa vitu vidogovidogo ambavyo jicho haligundui haraka kwamba havipo. Ukibana kidogo huoni kitu. Lakini kila programu inayofungua, kubadilisha na kuhifadhi upya inatupa tena, juu ya kile kilichokwisha tupwa. Picha iliyopita kwenye magrupu matano ya familia imekamuliwa kama muwa, unaanza kuona vigae angani na usaha wa rangi pembeni mwa herufi. Vigae hivyo ukivikuza vinakuwa vigae vikubwa. Na ole wako ukivinoa.

Kupunguza nako kuna mtego wake, wengi wanadhani ni kazi ya kubonyeza tu. Ukiishusha picha ya pikseli 4000 hadi 800, punje 25 zinatakiwa kuwa moja. Programu nzuri inazichanganya zote 25 ndipo itoe moja. Programu ya haraka inachukua moja na kutupa 24, na hapo ndipo mabati ya Mwanjelwa yanaanza kucheza ngoma: mistari myembamba ya bati inageuka mawimbi mapana yasiyokuwepo. Vitenge vya maua madogo vinafanya hivyohivyo, na mashamba ya chai yaliyopandwa kwa mistari. Niliwahi kumpigia bibi harusi mmoja picha za shela yenye neti, akaziweka mtandaoni kwa programu ya simu, akanirudia analia kwamba nimemvalisha chandarua kilicholowa maji. Ilibidi nimpunguzie mwenyewe, akafurahi.

Hata ikipunguzwa vizuri, picha inalegea. Ule mchanganyiko wa punje 25 unazilainisha kingo, ndipo inapohitaji kunolewa. Na hapa, Mhariri, ndipo penye ugonjwa wenyewe, kwa hiyo nivumilie.

Kunoa hakuongezi kitu kwenye picha. Wachapaji wa enzi za filamu walikuwa wakitengeneza nakala ya picha yenye ukungu wa makusudi, wanaipanga sambamba na negativu, mwanga ukipita kingo zinasimama. Ndiyo maana hata leo kitufe cha kunolea kwenye programu nyingi kina jina la kushangaza, maana yake ni barakoa isiyo na ukali. Kompyuta inaiga kazi ileile: inatengeneza nakala yenye ukungu, inailinganisha na picha yenyewe, na popote palipo na tofauti, yaani kwenye mipaka, upande wa giza inautia giza zaidi na upande wa mwanga inautia mwanga zaidi. Basi. Jicho linadanganyika kwa urahisi kwa sababu lenyewe hufanya hivyohivyo. Ernst Mach, mwanafizikia wa Austria, aliliandika jambo hili mwaka 1865, jinsi jicho linavyozidisha tofauti mahali giza linapopakana na mwanga.

Ile michirizi miwili, mweusi na mweupe, ina upana. Upana huo ndio unaotawaliwa na kipimo cha nusu kipenyo, nguvu yake inatawaliwa na kiasi, na kizingiti kinaamua tofauti ndogo kiasi gani iachwe bila kuguswa. Upana unahesabiwa kwa pikseli, na humo ndimo mambo yote yanamolala. Mchirizi wa pikseli 3 kwenye karatasi yenye pikseli 300 kwa inchi ni robo ya milimita, huuoni, unaona tu kwamba picha ina ukali. Mchirizi huohuo wa pikseli 3 kwenye kioo cha kompyuta ya kawaida unakaribia milimita nzima, na kila kichwa kinavaa taji kama watakatifu wa kwenye kalenda. Kwa hiyo faili la tovuti mimi nalinoa kwa nusu kipenyo cha 0.3 hadi 0.5. La karatasi ya picha kwa 1 hadi 1.5. La gazeti naongeza kiasi mpaka asilimia 150 na zaidi, kwa sababu wino kwenye karatasi yenu unatambaa, nukta zinavimba, na nusu ya ukali unaoupeleka unaliwa na mashine. Kwa sababu hiyohiyo nazipandisha kidogo sehemu za kivuli, nyuso zetu nyeusi zisije zikageuka bonge moja la wino. Hilo la nyuso wachapaji wetu wangepaswa kulijua kuliko wachapaji wa kokote.

Kizingiti ni heshima kwa mteja. Ukikiweka sifuri kompyuta inanoa kila kinyweleo na kila kipele, na mama wa makamo aliyekuja studio amepaka losheni tangu alfajiri hatakusamehe. Nyuso nazipa 3 hadi 6. Mawe, magome ya miti, mabati, sifuri haina ubaya. Tena nanoa mwanga peke yake, rangi siigusi.

Utaratibu ni mmoja: ukubwa kwanza, kunoa mwisho. Ukinoa picha ya pikseli 6000 kwa mchirizi wa 1.5 kisha ukaishusha hadi 800, mchirizi unakuwa 0.2, umepotea, umefanya kazi ya bure. Ukifanya kinyume ni balaa. Picha ya chai ilinolewa na mtu fulani ikiwa na pikseli 400, nadhani kwa nia njema ya kuiokoa, halafu ikavutwa. Mchirizi wa 1.5 ukawa karibu 5. Ndiyo ile mistari mieupe kuzunguka vilemba vya akina mama ambayo msomaji wa Njombe aliiita ukungu. Ilikuwa imenolewa kupita kiasi na kunyooshwa kupita kiasi kwa wakati mmoja, na jicho likiona vyote viwili linakata tamaa, linasema tu haionekani.

Nisingeandika yote haya kwa sababu ya chai. Naandika kwa sababu ya jambo la mwezi uliopita. Saa mbili usiku aligonga kijana ametoka Kiwira kwa bodaboda, amelowa. Bibi yake amefariki, mazishi kesho saa saba. Anataka picha ya marehemu ya kutangulia jeneza, A3, kwenye fremu. Akafungua simu. Picha waliyokuwa nayo ni ya mahafali ya mjukuu mwingine, watu kumi na wanne, bibi amesimama nyuma. Nilipima uso wake kuanzia kidevu hadi kilemba: pikseli 180.

Pikseli 180 si kitu cha kudharau. Picha ya kwanza kabisa kuingizwa kwenye kompyuta, Russell Kirsch wa Marekani aliifanya mwaka 1957, ilikuwa ya mwanawe mchanga, pikseli 176 kwa 176, na mtoto yule anatambulika mpaka leo. Lakini ilikuwa ya sentimita tano. Uso wa bibi kwenye A3 ungekuwa wa sentimita 25, punje moja ingekuwa pana kuliko milimita moja, kama vile kumchora kwa punje za ulezi.

Nikamweleza. Kijana akasema, "Baba, tumeshainoa." Akanionyesha faili la pili. Kuna programu za akili mnemba siku hizi, zinapokea uso wenye ukungu zinakurudishia uso wa kioo. Kweli, bibi alikuwa na kope, alikuwa na mng'ao kwenye mboni, ngozi laini. Na alikuwa na meno yamebanana kama mahindi gunzini. Nikamuuliza, bibi hakuwa na mwanya? Nyuma, kwenye picha ya mahafali, hata kwa pikseli 180, kulikuwa na kitone cheusi katikati ya tabasamu lake. Kijana akatazama simu muda mrefu. Akasema alikuwa nao, ndio waliokuwa wakimtania nao babu alipomuoa. Mashine ilikuwa imeziba. Imeshawaona mamilioni ya watu wenye meno yaliyofungana, ikakisia kwamba huyu naye. Mimi nakisia kwa punje 16 za jirani, yenyewe inakisia kwa watu ambao bibi hakuwahi kukutana nao.

Tulifanya hivi. Nilimkata bibi kutoka kwenye kundi, nikamchapa kwenye karatasi ya sentimita 9 kwa 13, uso ukatoka sentimita tatu, pikseli 150 kwa inchi, nikamnoa kidogo mno kwa kizingiti cha juu. Kisha nikaipachika picha hiyo katikati ya kadi nene ya rangi ya maziwa yenye ukubwa wa A3, ndani ya fremu waliyoitaka. Kijana hakupenda, alisema watu wa nyuma hawataona. Nikamwambia ni kweli, hawataona. Akaichukua kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Alirudi wiki iliyofuata kumalizia deni lake, akanisimulia kwamba pale msibani watu walikuwa wakisogea mmoja mmoja mpaka kwenye fremu, wanainama, na akina mama walikuwa wakiweka kidole kwenye kioo, hapo kwenye mwanya.

Nimalizie la tovuti yenu, kwa kifupi. Nalo lina ugonjwa, ila wa kinyume. Magazetini mnatunyima pikseli, kwenye tovuti mnatumwagia. Juzi nilifungua habari ya barabara, picha yake moja ilikuwa na megabaiti 8, imewekwa nzima kama ilivyotoka kwenye kamera, ndani ya nafasi ya upana wa pikseli 800. Msomaji aliyeko Matema kando ya Ziwa Nyasa analipia bando la megabaiti 8 ili aone kitu ambacho kingekaa ndani ya kilobaiti 200. Ishusheni iwe 1600, maana simu za sasa zina vioo vyenye pikseli zilizosongamana mara mbili, bana kwa ubora wa 75 au 80, noa kidogo, weka. Itamfikia haraka, na ataiona kali zaidi kuliko ile kubwa ambayo simu yake inalazimika kuishusha yenyewe kwa haraka.

Kwa waandishi wenu wa huku ombi langu ni dogo. WhatsApp ina njia ya kutuma picha kama faili, palepale panapotumwa barua na mikataba, na ikipita njia hiyo haiguswi, inafika na pikseli zake zote. Nimemwonyesha yule kijana wenu, ilimchukua dakika moja, akacheka. Na kabla ya kukata mtu kutoka kwenye kundi, mniulize. Ninayo picha nyingine ya wale akina mama watatu, niliwasogelea.

Hiyo nimeituma leo asubuhi kwa barua pepe ya dawati. Ina pikseli 1260 kwa 840, kwa ajili ya safu zilezile nne, na imenolewa kwa ajili ya karatasi yenu. Msanifu kurasa akiifungua kwenye kompyuta ataiona kavu, ina mikwaruzo, kingo zimekaza kama waya, na mkono wake utataka kuilainisha. Mwambie aiache ilivyo, asiivute kona, aipeleke mtamboni.

Fundi picha,
Mwanjelwa, Mbeya